Picha ya Marehemu na Mkasi wa Mrithi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na Aali zake na Masahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, ipo kazi ya mikono iliyoingia majumbani mwetu, nayo yapendwa sana hapa Korogwe na kule Handeni, hasa na wasichana na akina mama vijana. Huchukuliwa picha ya zamani, ya babu au ya bibi, ikabandikwa katikati ya karatasi ngumu ya manila. Kisha pembeni mwake hupangwa vipande vya kanga, lesi, utepe, shanga, maua makavu, stempu, tikiti ya gari moshi, kipande cha barua, na maandishi ya rangi. Kurasa kama hizo hukusanywa zikawa kitabu, au ukurasa mmoja hutiwa kioo ukatundikwa sebuleni. Wenyewe huuita ukurasa wa kumbukumbu.

Watu wengi wameniuliza: Je, kazi hii ni halali? Wachache sana wameniuliza: Je, kazi hii ni ya kweli? Swali la kwanza limejibiwa na wanavyuoni walio wakubwa kuliko mimi, nami nitalipitia kwa ufupi. Swali la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwani nimezitazama kurasa nyingi, na nimeona kwamba mkono wa Muislamu ulio mwepesi katika kupamba waweza, bila ya kukusudia, kumdhulumu maiti na kumdhulumu aliye hai. Nitazieleza kurasa tatu, bila ya kuwataja wenyewe wala nyumba zao.

KHITILAFU YA WANAVYUONI

Hapana shaka kwamba zimepokewa Hadithi sahihi zenye makemeo makali juu ya wachoraji wa sura zenye roho, na juu ya nyumba iwekwayo sura hizo. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa habari ya Bibi Aisha (r.a.) na pazia lake lililokuwa na sura. Mtume (s.a.w.) alichukizwa nalo, na Bibi Aisha akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Kishafi, alishika msimamo mkali juu ya utengenezaji wa sura, iwe ina kivuli au haina.

Picha ya kamera ilipokuja, wanavyuoni walikhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914, aliandika risala ya kuiruhusu. Hoja yake ni kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali anakizuia tu kivuli kilichoumbwa na Mungu. Wengine hawakukubali. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliikataza ila kwa dharura kama ya pasi ya kusafiria.

Basi mwenye kujizuia na picha asichekwe, kwani ana hoja. Na mwenye kuchukua ruhusa asivuke mpaka wake. Picha ya marehemu isitundikwe upande wa kibla, isifukizwe ubani, isiwekewe maji wala chakula, wala isiambiwe haja. Mtume (s.a.w.) aliivua nguo yenye mapambo kwa kuwa ilimshughulisha katika Sala, sembuse sisi, mbele ya sura ya mzee tuliyempenda! Makala haya yanasema na yule aliyekwisha chukua ruhusa. Tunamuuliza: baada ya kuichukua, umeitumiaje?

KANZU YA NABII YUSUF

Katika Sura ya Yusuf mna mizani ya kupimia kazi hii, nayo ni kanzu. Kanzu yatajwa mahali patatu.

Mara ya kwanza, ndugu zake waliirudisha kwa baba yao ikiwa na damu ya uongo. Kanzu ilikuwa ni ya Yusuf kweli. Uongo ulikuwa katika kile kilichotiwa juu yake. Wafasiri wameeleza kwamba Nabii Yaaqub (a.s.) aliitilia shaka kwa kuwa haikuraruka: mbwa mwitu gani huyo amlaye mtu akaiacha nguo yake nzima? Mara ya pili, kanzu iliyochanwa kwa nyuma ilitoa ushahidi wa haki, ikamtakasa Yusuf na tuhuma. Mara ya tatu, kanzu iliwekwa juu ya uso wa mzee aliyepofuka kwa huzuni, akarejewa na uwezo wa kuona.

Haya ndiyo mambo matatu yawezayo kutokea kwa picha ya zamani. Yaweza kupakwa damu ya uongo. Yaweza kutoa ushahidi. Na yaweza kumburudisha aliyefiwa. Kila anayeketi na gundi na mkasi mbele ya picha ya mzee wake anachagua mojawapo, ajue asijue.

UKURASA WA KWANZA: DHAHABU ISIYO YAKE

Ukurasa huu ni wa nyumba moja hapa mjini Korogwe. Picha ni ya mzee aliyeketi katika kiti cha studio, amevaa kanzu, koti na kofia ya kiua, mikono imetulia mapajani. Nyuma yake ni pazia lililochorwa ngazi na vyungu vya maua. Ni picha njema, ya nyeusi na nyeupe, na nuru imeangukia kipaji cha uso na vidole.

Aliyeitengeneza amezungusha lesi ya rangi ya dhahabu, akaweka shanga za lulu katika pembe nne, na chini akaandika kwa herufi za kumetameta, Mwinyi Wetu. Upande wa kulia amebandika picha ya mlango wa nakshi wa Unguja, aliyoikata katika kalenda. Upande wa kushoto amebandika gari kubwa la kifahari.

Tuseme kwanza lililo zuri. Mkono ni mwangalifu, pembe zimelingana, na mapenzi yaonekana. Lakini ukitazama kwa mbali, jicho lakwenda kwenye dhahabu, kisha kwenye gari, kisha kwenye mlango. Na katikati, pale alipo mzee mwenyewe, paonekana kama tundu jeusi. Pambo limempokonya mwenye shughuli nafasi yake.

La pili ni zito zaidi. Mzee huyu alikuwa fundi cherehani. Wakongwe wa mji wanamkumbuka barazani kwake karibu na soko, akishona kanzu za Idi na sare za shule. Hakupata kuwa na gari wala mlango wa nakshi, na Unguja hakukaa. Watoto wake aliwalea kwa sindano, kwa jasho la halali. Katika ukurasa wote hamna sindano, hamna uzi, hamna futi ya kupimia. Mjukuu ameona haya kwa kazi iliyomlisha baba yake, akamvisha babu utajiri wa kwenye kalenda.

Hii ndiyo damu juu ya kanzu. Sura ya At-Takathur yatuonya juu ya watu walioshughulishwa na kushindania wingi hata wakayafikia makaburi. Sisi tumezidisha: tumeyafikia makaburi, na tukaanza kuwazidishia mali waliomo ndani yake. Kipande kimoja cha bafta chenye mshono wa mkono, na sindano iliyochomekwa pembeni, vingemtukuza mzee yule kuliko magari kumi.

HATA STUDIO ZILIPAMBA

Huenda msomaji akasema: "Maalim, mbona hata pazia la studio lilikuwa uongo? Zile ngazi na maua hazikuwapo."

Ni kweli, na swali ni zuri. Studio za pwani zilipamba tangu zamani. Unguja ilikuwapo Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930. Mombasa alikuwapo N. V. Parekh, ambaye studio yake iliwapiga picha watu wa kila kabila na dini kuanzia miaka ya 1940. Watu walikwenda huko na nguo zao za Idi, na wengine waliazima saa au miwani ili picha ipendeze.

Lakini aliye karibu zaidi na kazi tunayoijadili ni marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Alikuwa Muislamu, akifanya kazi katika mji wa Waislamu, ambapo hukumu ya picha ilijadiliwa kila siku. Bakor hakutosheka na kupiga sura na kuisafisha. Alikata, akaunganisha, akatia mapambo, hata uso wa mtu ukaonekana umechomoza ndani ya ua. Kurasa hizi za leo ni wajukuu wa kazi yake, hata kama wanaozitengeneza hawajapata kulisikia jina lake.

Tofauti ni ipi basi? Tofauti ni kwamba aliyemtazama mtu wa Bakor ndani ya ua hakudhani kuwa mtu yule alizaliwa na ua. Pambo lilijitangaza kuwa ni pambo. Na lile pazia la studio lilijulikana na wote kuwa ni pazia. Hakuna aliyekwenda kumdai mwenye picha ngazi zile. Ama gari na mlango vya ukurasa wetu vinajifanya habari. Mtoto wa miaka kumi akivitazama leo, kesho atawaambia wenziwe kwamba babu yake alikuwa na gari, naye atakuwa mkweli wa moyo na mwongo wa ulimi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: pambo lijulikanalo kuwa ni pambo halina neno, pambo lijifanyalo ushahidi ndilo uongo. Weka maua, weka shanga, weka rangi upendayo. Usiweke mali ambayo marehemu hakuwa nayo, wala cheo asichokuwa nacho, wala mwaka usiokuwa na hakika nao.

UKURASA WA PILI: MKONO ULIOBAKI

Sasa twende Handeni. Ukurasa huu ni mzuri kuliko ule wa kwanza, na hilo ndilo linalonitia huzuni. Rangi zake zimetulia: kahawia ya manila, weupe wa lesi kuukuu, na ukili uliosukwa kwa miyaa ukazunguka picha kwa umbo la yai. Mzee ameketi nje ya nyumba ya udongo, ameshika bakora. Kwenye goti lake la kushoto limebandikwa ua kavu la asumini. Ni kazi ya mtu mwenye jicho.

Lile ua lilikuwa limeanza kubanduka. Chini yake nikaona vidole vinne vya mtoto, vimeshika kanzu ya mzee gotini.

Nikauliza. Nikajibiwa bila ya kufichwa na bibi wa nyumba, kwani haikudhaniwa kuwa ni jambo. Alikuwapo mtoto wa kiume amesimama ubavuni mwa mzee. Umbo la yai halikumchukua, basi akakatwa kwa mkasi. Mkono ukabaki kwa kuwa ulikuwa juu ya goti, na ua likawekwa kuuficha. Mtoto yule ni wa mke wa kwanza, aliyeachwa, akarudi kwao upande wa Kilindi na mwanawe.

"Maalim," akaniambia bibi huyo, "hatukumkata kwa chuki. Hakuenea tu."

Namsadiki. Lakini hebu tufikiri, ndugu zangu. Picha ile ilikuwa ni moja tu katika nyumba ile. Kipande kilichokatwa kilifagiwa. Watoto wanaokua chini ya ukurasa ule wanamjua babu yao kuwa ni mtu aliyekaa peke yake. Hawajui kwamba wana baba mkubwa. Na shamba la mzee, hadi naandika haya, bado halijagawanywa.

Sura ya An-Nisaa imemwekea fungu kila mtoto wa marehemu, wala haikumbagua aliye wa mke aliyeachwa. Talaka humtoa mke katika mirathi kwa masharti yake yanayojulikana; haimtoi mtoto. Picha si hati ya mirathi, na Kadhi hahukumu kwa picha peke yake. Lakini picha hukumbusha, na aliyekumbushwa huuliza, na aliyeulizwa hulazimika kusema. Ukiondoa kikumbusho, hakuna atakayeuliza. Mwenyezi Mungu ametukataza kuuficha ushahidi, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 283, akaeleza kuwa auufichaye moyo wake umeingia dhambini. Na katika An-Nisaa aya ya 135 ametuamrisha tushuhudie kwa haki japokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu na jamaa zetu.

Na lipo jingine la kutisha zaidi ya shamba. Kutoka Handeni hata Kilindi si safari ya mwezi. Hadi mwaka 2002 Kilindi ilikuwa ni sehemu ya wilaya ya Handeni, na vijana husoma pamoja na kufanya biashara pamoja. Kijana wa mwisho wa nyumba hii akikutana na binti wa yule kaka yake asiyemjua, akampenda akamposa, nani atakayemwambia kwamba huyo ni mtoto wa ndugu yake, naye ni haramu kwake kwa aya ya 23 ya Sura hiyo hiyo? Ndiyo maana Uislamu umeilinda nasaba, na katika Sura ya Al-Ahzab tumeamrishwa watoto waitwe kwa baba zao.

Watu wa sehemu hizi hawana haja ya kufundishwa thamani ya aliyekatwa. Simulizi ya Mbega, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, ni ya mtu wa Ngulu aliyenyimwa mirathi na jamaa zake kwa kuwa alikuwa kigego, akaondoka kwao, na mwisho akawa mtawala wa Usambara. Waliomkata ndio waliosahauliwa majina.

Na watazameni Wazigua waliochukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19, wakati wa njaa kubwa. Huko bonde la Juba waliishi vizazi kwa vizazi, nao wakaendelea kusema Kizigua na kukumbuka kwamba kwao ni huku. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wengine walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, mwaka 2003, na baadaye wengi wakapewa uraia. Hawakurudi na albamu. Walirudi na lugha na majina ya koo yaliyopokezwa kwa midomo. Wao hawakuwa na picha, na hawakumpoteza mtu. Sisi tuna picha, na tunampoteza mtu kwa kuwa hakuenea katika umbo la yai!

Nilishauri jina la mtoto yule liandikwe chini ya picha, pamoja na jina la mama yake, na lile ua liondolewe ili mkono uonekane. Hadi sasa halijafanyika. Nimeambiwa kwamba hayo yameshapita. Hayajapita. Mwenye mkono ule yu hai.

PICHA ZA MABIBI ZETU

Hapa pana jambo la haya, nami nitalisema kwa adabu. Katika masanduku ya bibi zetu mna picha walizopigwa siku za ujana wao: kichwa wazi, nywele zimesukwa, shingoni mkufu, machoni wanja. Picha hizo hazikupigwa kwa ajili ya sebule. Zilipigwa zitazamwe na mume, mama, dada na shoga, zikafungwa katika kitambaa, zikawekwa chini ya nguo. Kule kufungwa ndiko kulikokuwa masharti ya picha. Ni amana.

Leo mjukuu huikuta picha hiyo, akaipenda, akaitengenezea ukurasa, akautundika mahali anapoketi kila mgeni. Au akaipiga kwa simu ikaenda nchi nzima kabla ya Magharibi. Hafanyi kwa ubaya. Lakini bibi aliyejistiri miaka sitini amevuliwa mtandio siku moja, na hana mdomo wa kusema hapana.

Kama bibi yu hai, aulizwe, na neno lake liwe ndilo. Kama amekwisha kufa, ukurasa wake ubaki katika kitabu kifungwacho, kisomwe na wanawake na maharimu zake. Na ukitaka kumtaja sebuleni, yapo ya kumtaja bila ya uso wake: kipande cha kanga yake, ukili alioanza kuusuka, jina lake na majina ya waliosoma kwake. Aliyejua kutengeneza ukurasa bila ya uso amejua kazi hii kweli kweli.

UKURASA WA TATU: NAMBA NA JINA

Sasa nitaje ukurasa ulionifurahisha, nao ni wa familia maskini.

Msomaji wa mbali ajue kwamba Korogwe imejengwa na reli na mkonge. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba kama Magunga na Ngombezi yalihitaji watu maelfu, wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kazi yake iliandikwa katika kadi iitwayo kipande, siku baada ya siku, hata zitimie siku 30 ndipo alipwe. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na kila tani ilipita katika viganja vya watu hawa.

Ukurasa wenyewe una picha ndogo ya mtu amesimama wima, fulana imetoboka, macho yanatazama moja kwa moja. Pembeni mwake kumefungwa fundo la nyuzi za mkonge zilizochanwa zikawa laini kama nywele. Upande wa pili kuna fotokopi ya kipande chake cha kazi. Chini kuna ukanda mwembamba wa kanga ya mkewe, umechujuka hata maandishi hayasomeki. Basi. Hamna dhahabu wala shanga.

Sasa tazama maarifa ya aliyeutengeneza. Katika kipande, namba imeandikwa kubwa na jina limebanwa pembeni. Yeye amekipunguza kipande katika fotokopi hata namba ikawa ndogo, na jina la babu yake, na la baba wa babu yake, ameliandika juu kabisa kwa wino mweusi na mkono ulionyooka. Hakuifuta namba. Ameiacha ionekane, lakini ameiweka chini ya jina. Kwa jambo hilo moja amesema kuhusu zama zile kuliko hotuba ndefu.

Na pale penye "Mwaka wa kupigwa picha" ameandika: Haujulikani. Penye "Aliyesimulia" ameandika jina la shangazi yake. Hii ndiyo tabia ya wapokezi wa Hadithi: sema ulilopokea, mtaje uliyepokea kwake, na usilolijua liache tupu. Nafasi tupu ya mkweli ni bora kuliko mstari wa mbuni habari.

Aibu ndogo haukosi. Gundi imemwagika ikaacha madoa, na maelezo ya chini yamesongamana hata yachosha macho. Lakini mama mmoja wa familia ile, alipouona, aliukalisha mapajani akaanza kuwasimulia wajukuu habari ambazo hakuwa amezisema miaka mingi. Hiyo ndiyo kanzu iliyowekwa juu ya uso wa Yaaqub.

NASAHA KWA WATENGENEZAJI

Kwa watakaoendelea na kazi hii, yatosha haya:

1. Picha ya asili isiguswe na mkasi wala gundi. Itolewe nakala, na nakala ndiyo ibandikwe. Ya asili iwekwe katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na jua.

2. Tahadharini na uji wa muhogo au wa ngano kama gundi, wadudu huupenda. Selotepu nayo hugeuka manjano ikaila karatasi. Na zile albamu zenye kurasa za kunata chini ya plastiki, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980, zimeharibu picha nyingi. Zitoeni kwa upole kabla hazijaganda.

3. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli, kwa mkono mwepesi: jina, jina la baba, mahali, na nani aliyesimulia. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele.

4. Asikatwe mtu. Umbo lisipomchukua, badilisheni umbo. Asiyejulikana naye aandikwe, "Hajulikani", kwani huenda yupo anayemtafuta.

5. Kila kitu kinachobandikwa kiwe kilikuwa cha mwenye picha, au kijulikane waziwazi kuwa ni pambo.

6. Waulizeni wazee sasa. Uso bila ya mtu wa kuutaja jina ni karatasi tu.

Na kwa wazazi nasema: msiwakataze watoto kazi hii kwa ukali usio na elimu, wala msiwaachie bila ya kukaa nao. Kijana anayekuuliza, "Huyu aliyesimama nyuma ni nani?" amekufungulia mlango wa kuunga jamaa. Ukimjibu kwa kweli, umetimiza haki ya aliyekufa na ya aliye hai. Ukimwambia, "Mkate tu," umempa mkasi utakaofika mahali usipopaona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, wenye picha na wasio nayo, wanaokumbukwa na waliosahauliwa. Aunge yaliyokatwa baina yetu, na atufanye mashahidi wa haki hata pale haki inapotukalia vibaya. Amin.

Wabillahit tawfiq.